Hamira ya Kuchipua au Hamira ya Kupasuka: Ipi Uichague Kusoma Seli Inavyobadili Jinsia

Chukua spora moja ya hamira ya mwituni, itenge peke yake kwenye sahani yenye chakula, uiache siku mbili tatu. Ukirudi utakuta ukoo mzima, na ndani yake zimeshapita jinsia mbili na ndoa zimeshafungwa. Spora ilikuwa moja na jinsia yake ilikuwa moja. Mwenza katoka wapi? Katoka kwa watoto wake mwenyewe: baadhi ya uzao uliandika upya kipande cha DNA kinachoamua jinsia, ukawa kinyume cha mama.

Neno sahihi ni aina ya kupandana, kwa sababu hapa hakuna dume wala jike. Kwa ufupi nitasema jinsia.

Uwezo huu upo katika hamira nyingi, lakini ni mbili zilizochunguzwa hadi ndani kabisa. Ya kwanza ni Saccharomyces cerevisiae, hamira ya kuchipua, ambayo mtoto wake huota ubavuni mwa mama. Ya pili ni Schizosaccharomyces pombe, hamira ya kupasuka, yenye umbo la kijiti, inayorefuka kisha kukatika katikati. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa jina hilo la pili: Paul Lindner aliielezea mwaka 1893 baada ya kuitoa kwenye pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, na neno letu likabaki kwenye jina lake la kisayansi mpaka leo.

Anayeanza utafiti wa jambo hili lazima achague moja, maana kufuga zote mbili kwa pamoja ni kujigawa. Wengi huchagua kwa mazoea ya maabara waliyoikuta, au kwa kuangalia ipi inakua haraka. Naona ni kukosea njia mapema. Katika hamira zote mbili si kila seli hubadilika. Ipo zamu, na seli lazima ikumbuke zamu hiyo. Swali la kujiuliza kabla ya lingine lolote ni hili: kumbukumbu hiyo inakaa wapi? Katika hamira moja inakaa kwenye protini. Katika nyingine imeandikwa kwenye uzi mmoja wa DNA. Ukijua ni ipi kati ya hizo inayokukosesha usingizi, umeshachagua.

Kwanza, zinapofanana

Zote mbili zina mahali pamoja panaposomwa na mahali pawili pa akiba pasiposomwa. Walioona kaseti za redio wataelewa haraka: kaseti mbili ziko kwenye droo, nakala ya moja iko ndani ya redio inacheza. Kubadili jinsia ni kufuta iliyomo ndani na kunakili nyingine kutoka kwenye droo. Za droo hazipungui wala hazihami. Mfano huu wa kaseti ulitolewa kwa hamira ya kuchipua mwaka 1977 na James Hicks, Jeffrey Strathern na Ira Herskowitz, wakijenga juu ya wazo la Yasuji Oshima na Isamu Takano la mwaka 1971 kwamba vipande vya DNA vinavyoamua jinsia vinaweza kuhamia mahali pengine.

Ushahidi wake wa awali unanifurahisha kila ninapoufikiria. Jinsia za hamira ya kuchipua huitwa a na alfa. Kulikuwa na seli za alfa zilizoharibika jeni ya jinsia, hazikuweza kupandana. Zilipobadilika kuwa a, kisha zikarudi kuwa alfa, ugonjwa ulikuwa umekwisha. Kama jeni ingekuwa moja tu inayowashwa na kuzimwa, kasoro ingerudi nayo. Ilipona kwa sababu alfa iliyorudi ilikuwa nakala mpya kutoka droo.

Katika hamira ya kuchipua, pa kusomea panaitwa MAT, kwenye kromosomu ya tatu. HML, ambayo kwa kawaida hubeba alfa, iko mkono wa kushoto karibu herufi 200,000 za DNA kutoka hapo. HMR, yenye a, iko mkono wa kulia karibu herufi 100,000. Katika hamira ya kupasuka kila kitu kimebanana: mat1, mat2-P na mat3-M zimepangana kwenye kromosomu ya pili, zote ndani ya eneo la herufi kama 30,000. Jinsia zake huitwa P na M, kutokana na alama za jumlisha na kutoa.

Nani hubadilika: aliyewahi kuzaa, au aliyerithi uzi wenye alama

Hapa ndipo njia zinapoachana, na ndipo ningependa uchukue muda zaidi.

Katika hamira ya kuchipua, sheria ni kwamba seli ambayo haijawahi kuzaa haibadiliki. Ikishazaa mara moja inaruhusiwa, na karibu robo tatu ya nafasi inazopata huzitumia. Tena hubadilika kabla ya kurudufu DNA yake, kwa hiyo yeye na chipukizi lake jipya hutoka wote wawili na jinsia mpya. Ni jozi.

Kinachofanya kazi ya kukata ni kimeng'enya kinachotoka kwenye jeni ya HO. Jeni hiyo huwashwa kwa muda mfupi tu, kabla ya urudufu wa DNA kuanza, na ndani ya seli mama peke yake. Mtoto ananyimwaje? Miaka ya tisini ilitoa jibu. Kuna protini iitwayo Ash1 inayozima HO. Seli inapokaribia kugawanyika, RNA mjumbe ya ASH1 (nakala ya jeni inayosomwa ili kutengeneza protini) hubebwa kama mzigo na protini mwendo Myo4, ikisafiri juu ya nyuzi za aktini hadi kwenye ncha ya chipukizi. Protini inatengenezwa huko, inaingia kwenye kiini cha mtoto, na HO inabaki kimya. Mama anabaki bila kizuizi, na Swi5, protini inayowasha HO, inapata nafasi yake. Kumbukumbu ya nani ni mama na nani ni mtoto ni, kwa kweli, suala la posta: barua imepelekwa kwa nani.

Hamira ya kupasuka haina mama wala mtoto kwa sura. Kijiti kimoja kinakuwa vijiti viwili vinavyofanana. Hata hivyo, mwaka 1981 Hisao Miyata na mwenzake Machiko Miyata walionyesha kwamba kati ya wajukuu wanne wa seli moja, mmoja tu ndiye hubadilika. Mmoja kati ya wanne, kizazi baada ya kizazi, bila tofauti yoyote ya umbo. Amar Klar aliitafsiri sheria hiyo mwaka 1987 kwa hoja ambayo wakati huo ilikuwa ya ujasiri: tofauti haiko kwenye protini zilizogawanywa vibaya kati ya dada wawili, iko kwenye DNA yenyewe. Nyuzi mbili za DNA hazifanani, na kila binti hurithi uzi tofauti wa zamani.

Inavyokwenda ni hivi. DNA inaporudufiwa, uzi mmoja hujengwa mfululizo na mwingine hujengwa vipande vipande. Kwenye mat1, uzi unaojengwa vipande hupokea alama mahali maalumu. Watafiti wamebishana kama alama hiyo ni mkato wa uzi mmoja au ni ribonukleotidi (herufi za RNA) zilizoachwa ndani ya DNA. Wote wanakubaliana ilipo na ni ya uzi upi. Binti anayerithi alama anaruhusiwa kubadilika. Anaporudufu DNA yake, mashine ya urudufu inafika kwenye alama, inapata mwisho uliokatika, na kuukarabati kwa kunakili kutoka mat2 au mat3. Kati ya dada wawili wanaozaliwa hapo, mmoja ana jinsia mpya na mwingine amewekewa alama upya. Zamu inaendelea.

Jacob Dalgaard na Klar walilithibitisha hilo mwaka 1999 kwa jaribio lenye unyoofu wa kupendeza: waligeuza mat1 kichwa chini miguu juu. Jeni ni zilezile, herufi ni zilezile, ila sasa uzi uliokuwa ukijengwa vipande unajengwa mfululizo. Ubadilishaji ukakoma. Walipobadilisha pia upande unakotoka urudufu, ukarudi. Sijui jaribio lingine linaloonyesha wazi hivi kwamba mwelekeo wa urudufu unaweza kuamua hatima ya seli.

Kwa hiyo ukivutiwa na namna seli inavyogawa mali yake kwa upendeleo, RNA inavyosafirishwa, jeni inavyowashwa kwa saa maalumu, chagua ya kuchipua. Ukivutiwa na wazo kwamba seli mbili pacha zinaweza kutofautiana kwa sababu ya uzi tu, hamira ya kupasuka ni yako, na sioni mbadala.

Mkato na ukarabati wake

Kwa anayesoma ukarabati wa DNA, hamira ya kuchipua inashinda waziwazi. HO hutambua mfuatano wa herufi 24 na kukata nyuzi zote mbili kwa usafi. Ukiiweka HO chini ya swichi ya galaktosi, kama ilivyofanyika kuanzia miaka ya themanini, unabadilisha sukari kwenye chupa na ndani ya saa moja karibu kila seli imekatwa mahali palepale kwa wakati uleule. Kisha unachukua sampuli kila baada ya dakika kadhaa na kuangalia: ncha zinavyogugunwa, protini ya ukarabati Rad51 inavyojipanga juu yake, nakala mpya inavyoandikwa kutoka HML au HMR. Maabara ya James Haber katika Chuo Kikuu cha Brandeis imejenga sehemu kubwa ya elimu hii kwa njia hiyo. Ni nadra kupata tukio la kibiolojia unaloweza kulianzisha kwa kumimina sukari na kulipima kwa saa ya ukutani.

HML na HMR zina mfuatano uleule wa kukatwa, lakini HO haizigusi, kwa sababu zimefungwa ndani ya kromatini (DNA pamoja na protini zake) nzito. Kumbuka hili, tutalirudia.

Hamira ya kupasuka haina kimeng'enya cha namna hiyo. Mkato wake huzaliwa kutokana na urudufu wenyewe, una ncha moja badala ya mbili, na huwezi kuuamrisha kwa sukari. Kwa upande mwingine, ndivyo mikato mingi inavyotokea katika seli zinazogawanyika: mashine ya urudufu inakutana na kasoro. Ukitaka usafi wa jaribio, nenda kwa HO. Ukitaka mkato unaozaliwa kazini, nenda kwa mat1. Onyo moja kwa wanaoanza: ukitoa DNA ya hamira ya kupasuka utaona sehemu kubwa ya mat1, hadi robo hivi, imekatika. Usidhani ndivyo ilivyokuwa ndani ya seli. Alama ni dhaifu na huvunjika wakati wa kuitoa.

Droo zinavyofungwa

Kaseti za akiba zina jeni kamili, swichi zake zote zipo, na bado hazisomwi. Katika hamira ya kuchipua, wafungaji ni protini za Sir, kutoka Sir1 hadi Sir4. Sir2 huondoa alama ya kikemikali iitwayo asetili kwenye histoni, protini zinazoviringishiwa DNA, kwa kutumia molekuli ya NAD, ugunduzi wa mwaka 2000 ulioipeleka familia hiyo ya protini kwenye tafiti za uzee na lishe. Ukivunja Sir2, Sir3 au Sir4, seli haploidi (yenye seti moja ya kromosomu) inasoma a na alfa kwa pamoja, inajiona kama diploidi (yenye seti mbili), na inakataa kupandana. Kipimo ni rahisi kiasi hicho: inapandana au haipandani.

Katika hamira ya kupasuka, droo hufungwa na Clr4, inayoweka alama nyingine ya kikemikali, metili, kwenye lisini ya tisa ya histoni H3, na Swi6, inayokaa juu ya metili hiyo. Kati ya mat2 na mat3 kuna kipande kinachofanana na DNA ya sentromea (kiuno cha kromosomu), na hapo mfumo wa RNA ndogo husaidia kuanzisha ufungaji. Metili hiyo na protini za aina ya Swi6 hutumiwa na wanyama pia, nasi tukiwemo. Hamira ya kuchipua haina metili hiyo, wala protini ya aina ya Swi6 hii, wala mfumo huo wa RNA, iliupoteza.

Hapa sina haja ya kupima pande mbili kwa uangalifu. Kama lengo lako la mwisho ni kuelewa heterokromatini (kromatini iliyofungwa, isiyosomwa) ya binadamu, hamira ya kupasuka ni bora. Mwaka 1996 Shiv Grewal na Klar walitoa sehemu ya katikati ya droo hiyo, wakaweka jeni ya alama mahali pake, wakapata seli zenye DNA ileile kabisa zinazorithisha hali ya kuwaka au kuzimika, hata baada ya kupandana na kuunda spora. Hali ya kromatini ilikuwa inarithiwa kama jeni.

Kuchagua kaseti sahihi

Kunakili kaseti uliyonayo tayari ni kazi bure, kwa hiyo zote mbili huchagua kinyume, kwa uhakika wa karibu asilimia 80 hadi 90. Zote mbili huchagua kwa mahali, si kwa yaliyomo: ukibadilishana kaseti za droo, seli inaendelea kuelekea droo ileile na kunakili kitu kisichofaa. Katika hamira ya kuchipua, seli a hutumia kipande kidogo karibu na HML, kinachoshikwa na protini Fkh1, kuuvuta mkono wote wa kushoto wa kromosomu; katika seli alfa kipande hicho kinazimwa na HMR inabaki ya karibu kutumika. Katika hamira ya kupasuka, protini Swi2 na Swi5 hukaa kando ya mat3 katika seli za P, na hufika mat2 pia katika seli za M. Kwa somo la namna kromosomu inavyojikunja, ya kuchipua ina umbali wa kuvutia zaidi.

Mambo ya mezani

Hamira ya kuchipua hujigawa kila dakika 90 hivi kwenye chakula kizuri. Ya kupasuka huchukua saa mbili na nusu au zaidi. Tofauti hiyo haipaswi kukuamulia. Zote zina jenomu iliyosomwa, ya kwanza mwaka 1996 na ya pili 2002, zote zina mikusanyo ya nasaba zilizoondolewa jeni mojamoja, na hifadhidata za SGD na PomBase zinajibu maswali mengi kabla hujauliza mtu.

Kinachopaswa kukuhangaisha ni hiki. Hamira ya kuchipua yenye HO nzima haikai haploidi. Ndani ya vizazi viwili dada wameshaoana, kwa sababu huoana hata wakiwa wameshiba. Ndiyo maana nasaba ya maabara S288C ina HO iliyoharibika: jinsia yake hubadilika karibu mara moja tu katika seli milioni. Ukichanganya nasaba ya HO na isiyo na HO kwenye friji bila kuandika vizuri, utapoteza miezi. Hamira ya kupasuka hupandana ikikosa naitrojeni tu, kwa hiyo nasaba h90, inayobadili jinsia, unaweza kuifuga haploidi muda wote ukiilisha.

Kipimo nacho kinatofautiana. Kwa ya kuchipua, PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ya vianzio vitatu inatoa kipande cha herufi 404 kwa alfa na 544 kwa a. Kwa ya kupasuka, weka koloni zenye njaa juu ya mvuke wa iodini: spora zina kitu kama wanga, koloni ya h90 hugeuka nyeusi yote, isiyobadilika hubaki ya njano, na yenye ubadilishaji mbovu hutoka na michirizi. Mutanti, seli yenye jeni iliyobadilika, kati ya maelfu unauona kwa macho. Sijapata kipimo kizuri zaidi kwa maabara yenye vifaa vichache.

Na tahadhari na majina. Makundi yote mawili ya watafiti yaliita mutanti wao swi, na namba hazilingani hata kidogo. Swi5 ya kuchipua huwasha HO; ya kupasuka husaidia ukarabati. Swi6 ya kuchipua hushiriki kuwasha jeni; ya kupasuka hufunga heterokromatini. Swi1 ya kuchipua husogeza nukleosomu, yaani mafundo ya DNA na histoni. Ya kupasuka hulinda urudufu. Ukisoma makala, angalia kwanza ni hamira gani.

Zaidi ya hizi mbili

Ogataea polymorpha na Komagataella phaffii hubadili jinsia bila droo mbili: zina nakala mbili tu, na kipande cha kromosomu hugeuzwa ili moja iondoke mahali pa kimya. Ilielezwa mwaka 2014. Kwa anayependa mageuko, hapo bado kuna uwanja mpana. Kwa anayeanza, zana ni chache mno.

Ningechagua hivi

Mwenye mwaka mmoja na swali kuhusu ukarabati wa DNA: ya kuchipua, na HO ya galaktosi, bila kusita. Mwenye swali la urithi usioandikwa kwa herufi za DNA: ya kupasuka, akianza na nasaba 968 ya h90, na pembeni yake 972 na 975 zisizobadilika, zote kutoka kwa Urs Leupold wa Bern.

Ambaye bado hajui, afanye jaribio la jioni mbili. Jioni ya kwanza atenge kwa sindano ya darubini spora ya hamira ya kuchipua yenye HO, angoje seli nne, azipime kwa feromoni ya alfa, kemikali ambayo seli za alfa huitia wenza: seli za a zitavimba upande mmoja kama tone, za alfa hazitajali. Mara nyingi atapata mbili kwa mbili, spora iliyozaa na chipukizi lake la pili upande mmoja, mtoto wa kwanza na wake upande wa pili. Jioni ya pili afuatilie wajukuu wanne wa kijiti kimoja cha h90 kwenye chakula kisicho na naitrojeni. Safari hii dada wawili tu ndio watakaoungana kuwa zigoti, na wawili watabaki wakitazamana.